Unaota kuunda ndege mtaani? Anza na mkia, si injini

UKIMUULIZA kijana wa Kayole au Dandora anayeota kuunda ndege yake mwenyewe ataanzia wapi, aghalabu atakutajia injini. Atakuambia kuhusu injini ya Probox, ama zile za pikipiki mbili zilizounganishwa, ama ya jenereta aliyoiona Kariobangi Light Industries. Baada ya injini atataja propela, kisha mabawa. Mkia huchorwa mwisho, kama kitu cha kukamilisha picha.

Si ajabu. Injini ndiyo ina kelele, na kelele ndiyo huleta watu na simu za kurekodi video. Lakini ukiongea na mtu anayejua ndege, atakuuliza swali lingine kabisa: ikishapaa, utaishika vipi hewani kwa saa nzima bila mkono kufa ganzi? Na kile kifaa kidogo cha kukusaidia kuishika kikiharibika, utafanya nini?

Kifaa hicho kinaitwa trimu. Ni kidogo, hakina kelele, na kimeua watu.

Somo la mkokoteni

Kuelewa trimu hakuhitaji digrii. Nenda Gikomba au Marikiti asubuhi umtazame jamaa wa mkokoteni akipakia magunia ya viazi. Akiyajaza mbele, mikono yake inabeba uzito wote. Akiyarundika nyuma, mikono inanyanyuliwa na anabaki akining'inia, na wapita njia wanacheka. Jamaa mzoefu hupanga mzigo hadi mkokoteni unatulia wenyewe juu ya ekseli, yeye kazi yake inabaki kuvuta tu.

Ndege nayo hutulia au hukataa kutulia kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mzigo wake hubadilika safarini. Mafuta yanapungua. Abiria mmoja ni mzito kuliko yule wa jana. Kasi inapanda na kushuka. Kila mabadiliko hayo huifanya pua itake kuinuka au kuinama, na rubani inambidi avute au asukume usukani kuizuia.

Nyuma kabisa ya ndege kuna bawa dogo la mlalo. Sehemu yake ya mwisho imefungwa kwa bawaba na hucheza juu na chini. Hiyo ndiyo elevata. Ikiinuka, hewa inausukuma mkia chini na pua inapanda. Ikishuka, pua inainama. Kazi ya trimu ni kuishikilia elevata pale rubani anapoitaka, ili mikono ipumzike. Umewahi kuendesha gari linalovuta upande mmoja kwa sababu magurudumu hayajapangwa sawa? Unaweza kufika Thika nalo, lakini bega litalia. Ndege isiyo na trimu nzuri ni hivyo hivyo, ila huwezi kuegesha kando ya barabara upumzike.

Njia tatu za kazi moja

Waundaji wa ndege ndogo wana njia tatu kuu za kutengeneza trimu.

Ya kwanza ni springi. Unafunga springi kwenye usukani, na mkono mdogo wa kuikaza au kuilegeza. Ni nyepesi, ni rahisi, na fundi yeyote wa jua kali anaweza kuielewa kwa dakika tano.

Ya pili ni kijibawa. Hiki ni kipande kidogo kilichofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa elevata yenyewe. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: kijibawa kikishuka, hewa inaisukuma elevata juu, na pua inapanda. Yaani kinakwenda kinyume cha elevata. Cessna 172, ndege inayofundishia marubani wengi duniani, ina kijibawa cha aina hii, na rubani hukiendesha kwa gurudumu dogo lililo karibu na goti lake.

Ya tatu ni kuisogeza sehemu kubwa ya mkia wote. Ndege kubwa za abiria hutumia njia hii, na tutairudia.

Sasa chukua mfano wa mtu aliyeunda ndege yenye trimu ya springi. Kwenye mwendo wa pole inafanya kazi poa. Akiongeza kasi, springi inashindwa. Sababu ni hesabu tu: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya hewa huwa mara nne, lakini springi ni ile ile. Anaamua kuibadilisha aweke kijibawa kinachoendeshwa na mota ya umeme, na swichi kwenye usukani. Bonyeza, pua inapanda. Bonyeza tena, inashuka. Kazi ya wikendi moja, si ndiyo?

La. Hapo ndipo kazi inaanza.

Maswali kabla ya kushika drili

Swali la kwanza ni uzito. Mota imewekwa mkiani, mbali na kitovu cha uzito. Nusu kilo iliyo mita 4 nyuma ya kitovu hicho huivuta ndege sawa na kilo 2 zilizo mita 1. Rudi kwa mkokoteni: umeongeza gunia mahali pabaya zaidi. Ndege lazima ipimwe upya kwenye mizani, na hesabu ifanywe upya.

Swali la pili ni kasi ya mota. Ikiwa ya polepole sana, rubani atachelewa anapotua. Ikiwa ya haraka, mguso mdogo wa swichi ndege ikienda mbio utairusha pua juu kwa ghafla. Kuna kampuni kama Ray Allen ya Marekani zinazotengeneza mota ndogo kwa kazi hii. Ile mota ya dirisha la gari uliyoitoa kwa gari lililovunjwa Grogan iliundwa kupandisha kioo, na hakuna aliyewahi kuipima kwa kazi ya mkiani.

Swali la tatu ni waya. Kwa kuwa kijibawa kinakwenda kinyume cha elevata, ni rahisi kuunganisha swichi ikawa kinyume. Ukibonyeza kuinua pua, inainama, na unagundua ukiwa futi 200 juu ya paa za watu.

Swali la nne ni ulegevu. Kijibawa kikicheza hata kidogo kwenye bawaba, hewa ya kasi inaweza kukitetemesha kama bendera kwenye upepo. Mtetemo huo hauhitaji muda mrefu. Ndani ya sekunde chache unaweza kung'oa vyuma.

Swali la tano ndilo kubwa: mota ikikwama ikiwa imewaka, ikaendelea kuinamisha pua hata baada ya kuachilia swichi, rubani atafanya nini? Lazima kuwe na njia ya kukata umeme huo papo hapo, mahali mkono unapofika bila kutafuta. Na hata kijibawa kikifika mwisho wake, nguvu za mikono ya rubani lazima zitoshe kuishinda trimu na kutua salama. Zisipotosha, muundo huo haufai, hata uwe unapendeza vipi.

Nati iliyotumika tena

Mnamo Septemba 16, 2011, mjini Reno, jimbo la Nevada, Marekani, ndege ya zamani ya kivita aina ya P-51 iliyofanyiwa marekebisho mengi ilikuwa kwenye mashindano ya mbio. Rubani wake, Jimmy Leeward, alikuwa mzoefu. Ghafla pua iliinuka kwa nguvu, kisha ndege ikaanguka karibu na watazamaji. Watu 11 walikufa, akiwemo rubani, na zaidi ya 60 wakajeruhiwa.

Wachunguzi wa Marekani walifuatilia chanzo hadi kwenye kijibawa cha trimu cha elevata. Nati za kujifunga zilizoshikilia skurubu zake zilikuwa zimezeeka na kuonyesha dalili za kutumika tena. Sehemu ya ndani inayobana skurubu ilikuwa imechoka. Skurubu zikalegea, moja ikaanza ufa, kijibawa kikapata ulegevu, na kwa kasi ya mashindano kikatetemeka hadi viungo vyake vikakatika. Isitoshe, marekebisho kadhaa ya ndege hiyo hayakuwa na rekodi wala majaribio ya kutosha.

Soma hapo tena ukifikiria Kamukunji. Sisi Eastlands tumekulia kwenye maarifa ya kutotupa kitu. Nati ya zamani inasafishwa kwa mafuta ya taa, inarudi kazini. Mabati ya pipa yanakuwa sanduku la shule. Ni akili ya kujivunia na imelisha familia nyingi. Lakini nati ya kujifunga ya ndege iliyochoka ndani haionyeshi kwa nje. Utaikaza, itashika, utasema "iko sawa". Itakuwa sawa mpaka siku ile haiko.

Safari iliyokuwa ikija Embakasi

Kwa Mkenya, trimu si hadithi ya mbali. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302 iliondoka Addis Ababa ikielekea JKIA, hapa Embakasi. Ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita hivi baada ya kupaa. Wote 157 waliokuwemo walifariki. Wakenya walikuwa 32, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Jamaa zao walikuwa wakisubiri uwanjani.

Ndege hiyo ilikuwa Boeing 737 MAX. Humo trimu husogeza bawa zima la mlalo la mkia. Boeing ilikuwa imeongeza programu ya kompyuta iliyoweza kuendesha trimu yenyewe na kuinamisha pua. Programu hiyo ilisikiliza kipimo kimoja tu kati ya viwili vilivyokuwepo. Kipimo hicho kilipotoa takwimu mbovu, kompyuta iliinamisha pua, ikarudia. Marubani walikata umeme wa trimu na kujaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, lakini kwa kasi waliyokuwa nayo gurudumu lilikuwa zito mno. Umeme uliporudishwa, kompyuta iliinamisha pua tena. Miezi michache tu mapema, Oktoba 29, 2018, ndege ya Lion Air ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189.

Baadaye Boeing ilirekebisha mfumo huo. Sasa programu inalinganisha vipimo viwili, haijirudii-rudii, na haiwezi kuisukuma trimu kupita nguvu ambazo rubani anaweza kuzishinda kwa kuvuta usukani. Linganisha na swali letu la tano. Ni lile lile ambalo mtu anayeunda ndege ya viti viwili nyuma ya nyumba lazima ajiulize. Kampuni yenye maelfu ya wahandisi ililijibu vibaya, na familia za Wakenya 32 ziko kwenye gharama hiyo.

Swali tunalouliza wabunifu wetu

Afrika Mashariki haijakosa wenye moyo. Mwaka 2010, Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana kote nchini kwa kuunda ndege yenye injini ya gari, akijifunza mengi kupitia intaneti. Haikufanikiwa kuruka, naye hakukata tamaa mara moja. Mwaka uliofuata, Chris Nsamba wa Uganda alivuma kwa ndege aliyokuwa akiiunganisha na wenzake uani kwa mamake, Kampala.

Wote wawili walipata umati na kamera, na swali lilikuwa moja: itaruka? Ni swali la shabiki. Swali la rafiki ni hili: nani mwingine ameikagua? Uzito umeandikwa wapi? Trimu ikikwama utafanyaje? Hapa Kenya ndege hairuki kihalali bila kusajiliwa na kuidhinishwa na mamlaka ya KCAA, na vijana wengi huona hilo kama kizuizi. Ukweli ni kwamba mkaguzi ni jozi ya pili ya macho, na Reno imeonyesha bei ya kukosa rekodi.

Unaweza kuanza wapi

Kama uko Eastlands na hii kitu inakuwasha, uko karibu kuliko unavyodhani. Chuo cha East African School of Aviation kiko Embakasi hapa, tangu miaka ya 1950. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, mjini, hufundisha uhandisi wa ndege.

Kabla ya ada, anza na ndege ya mfano ya foamu. Rimoti zake huwa na vitufe vya trimu. Bandika sarafu kwenye mkia, uone pua inavyofanya, kisha uirekebishe kwa kitufe. Kwa siku moja utajifunza kwa vidole kile ambacho maelezo yangu hayawezi kukupa. Ila usirushe ovyo: KCAA ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, na sisi tumezungukwa na JKIA upande mmoja na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh upande mwingine.

Kisha nunua daftari. Kila ukibadilisha kitu, andika tarehe, ulichobadilisha, uzito kabla na baada, na jina la aliyekukagulia. Fundi wa Kariobangi anayeweza kuchonga bawaba bila ulegevu tunaye tayari. Daftari hilo, na ujasiri wa kutupa nati ya zamani inayoonekana bado nzima, ndivyo vitakavyoamua kama kazi yake itawahi kupanda hewani na kurudi chini na mtu mzima ndani.