Nyumba yenu, jina la nani?

Swali la kizushi, msomaji wangu. Namba ya siri ya simu ya mtu wako unaijua? Usinijibu, najua utanidanganya. Mshahara wake je, unaujua mpaka shilingi ya mwisho? Haya. Sasa la tatu, ambalo wengi hulikwepa: hiyo nyumba mnayolala kila siku, kwenye kumbukumbu za kodi imeandikwa jina la nani?

Usikimbilie kusema "letu sote". Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo kuhusu nyumba ya mama yangu mdogo pale Isevya, Tabora, mpaka asubuhi moja ya mwaka 2022 aliponipigia simu sauti ikitetemeka. "Mwanangu, kuna vijana wawili uani kwangu wanapima na futikamba. Wanasema wamekuja kuona kiwanja kabla hawajalipia."

Mmoja alikuwa mnunuzi. Mwingine alikuwa mtoto wa baba mkubwa, yaani mtoto wa kaka yake marehemu baba mdogo. Mama mdogo hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoa kopo la biskuti alilotunza chini ya kitanda miaka nenda rudi, akamwaga risiti mezani. Za kodi ya majengo, za kodi ya pango, zote alizokwenda kulipa mwenyewe kwa hela ya asali na vitumbua. "Hizi hapa. Nimelipa mimi tangu unanyonya."

Kijana akachukua ya juu, akasoma jina kwa sauti. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Zote zilikuwa na jina la baba yake.

Jamani, mama mdogo anajua kusoma, tena vizuri. Lakini risiti huwa tunaangalia nini? Kiasi na tarehe, basi. Tunakunja, tunatia kwenye kopo. Kumbe mwaka 1988 kiwanja kilipogawiwa, baba mdogo alikuwa mtu wa reli, kituo chake Kigoma. Aliyekuwepo Tabora ni kaka yake, ndiye akaenda kujaza fomu, na fomu ikabeba jina la aliyeijaza. Nyumba ikajengwa, watoto wakazaliwa, baba mdogo akafariki mwaka 2019, na jina halikusogea hata hatua moja.

Kodi mbili, usizichanganye

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, kwa hiyo soma taratibu.

Kuna kodi ya majengo. Hii inatozwa jengo. Zamani ilikuwa mikononi mwa halmashauri, na jengo lilifanyiwa uthamini ili kujua utozwe ngapi. Kuanzia 2016 ikaanza kuhamia TRA, mwaka 2018 vikawekwa viwango maalumu, na Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ukipitisha miezi miwili bila kununua umeme usidhani umesamehewa. Deni linakusubiri kwenye tokeni ijayo. Sheria inamdai mwenye jengo, ingawa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kama wewe ndiye mpangaji, tunza jumbe za tokeni na mpige hesabu na mwenye nyumba wako. Hela hiyo si yako kuibeba.

Nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi hazimo kwenye kodi hii, na mzee wa miaka 60 na zaidi ana msamaha kwa nyumba anayoishi. Ila msamaha haujileti. Lazima aombe, na lazima ionekane kwamba nyumba ni yake. Unaona tunavyorudi kwenye jina?

Halafu kuna kodi ya pango la ardhi. Hii ni ya kiwanja chenyewe, maana kwa sheria yetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais, sisi tunamilikishwa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Inalipwa kila mwaka kwa Wizara ya Ardhi, na LUKU haihusiki nayo kabisa. Kimbembe cha mama mdogo kilianzia hapo. Umeme ulipoanza kukatwa kodi mwaka 2021, yeye akajua mambo yote yameisha, akaacha kwenda dirishani. Pango likalala mwaka wa kwanza, wa pili, na adhabu juu. Ukilimbikiza sana, wizara inaweza kukupa ilani, kukupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba, hata kuanza safari ya kubatilisha milki.

Na risiti ya kodi, hata uwe nazo gunia zima, si hati. Inaonyesha kwamba kodi ya kiwanja fulani ililipwa. Mbele ya baraza inaweza kukusaidia kueleza kwamba nyumba uliihudumia wewe, lakini haihamishi jina.

Mji huu na kodi wanajuana

Kama kuna mji Tanzania unaojua ugomvi wa ushuru, ni Tabora. Neno hongo, ambalo leo tukilisikia tunafikiria bahasha chini ya meza, kwenye njia ya misafara lilikuwa ushuru wa wazi kabisa. Msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulitoa vitambaa, shanga na waya kwa kila mtemi uliyempitia, na Ugogo ndiko walikokuwa wakinung'unika zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1850 mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alitaka wafanyabiashara Waarabu nao watoe ushuru wa bidhaa zinazoingia mjini. Wao walikuwa wamezoea kuingia bure. Haikupita muda vita vikawaka, na mwaka 1860 Mnywa Sere alikuwa ameshakimbia, kiti amekalia Mkasiwa, aliyeungwa mkono na Waarabu hao.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Watalii wanapiga picha mlango wa kuchonga. Mimi nikiliangalia nafikiria vibanda vya akina bibi vilivyokuja kuhesabiwa miaka ishirini na kitu baadaye. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini, ikaanza kukusanywa mwaka uliofuata. Mwanaume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alihesabiwa nyumba tatu. Watu wakaanza kubanana kwenye nyumba moja ili kukwepa. Waingereza nao mwaka 1922 wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa, na wake wa ziada waliendelea kumwongezea mume hesabu. Bibi alijenga, alikandika, alipika humo ndani, lakini kwenye kitabu cha kodi nyumba yake ilikuwa mzigo wa mume. Mtu akiniambia kuandika jina la mke ni mambo ya kizungu, huwa namuuliza: na kuandika la mume peke yake kulitoka wapi?

Haya, twende tukachungulie

Nilipanda basi mpaka Tabora. Siku ya pili, saa moja na nusu asubuhi, mimi na mama mdogo tulikuwa kwenye benchi la ofisi ya ardhi. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo mambo mengi yanamalizika hapo hapo mkoani.

Kitu cha kubeba ni namba ya kiwanja na kitalu. "Nyumba ya bati jekundu karibu na msikiti" haitakusaidia. Namba hizo zipo kwenye risiti ya zamani ya pango, kwenye barua ya toleo, au kwenye hati yenyewe. Kama huna chochote, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi ya manispaa, watazame kwenye ramani. Deni la pango unaweza kuliulizia hata kwa simu ya kitochi: piga *152*00# ufuate menyu ya ardhi. Utapewa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, na unalipa benki au kwa simu. Soma jina linalotokea kabla hujabonyeza kukubali.

Lakini deni si habari yote. Kinachokupa habari yote ni upekuzi. Unajaza fomu, unalipa ada, na Msajili wa Hati anakujibu kwa maandishi: mmiliki ni nani, milki inaisha lini, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio au hakuna. Mabinti mnaokaribia kuolewa na mtu mwenye "nyumba yangu ya Ipuli", na nyie akina kaka mnaoonyeshwa viwanja na madalali, upekuzi ni bei rahisi kuliko pete.

Wenzetu wengine wamefika mbali. Chicago, kwenye kaunti ya Cook, mtu yeyote anaandika anwani kwenye tovuti ya kaunti na kuona makadirio ya thamani ya nyumba hiyo. Mbea wa mtaa hana haja ya kuchungulia dirishani. Kenya wameanzisha mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021, ukianzia Nairobi, na huko kaunti inatoza kodi yake ya ardhi huku serikali kuu ikitoza pango. Kumbe kuchanganya kodi mbili si ugonjwa wetu peke yetu.

Sasa, sheria inasemaje kuhusu mke ambaye jina lake halipo? Msikate tamaa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inakuruhusu kuweka zuio kwa Msajili. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inasema ukichangia kwa nguvu zako kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzako, unahesabiwa kuwa na haki ndani yake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo zaidi ya alichokwisha kupewa, lakini wanawake wangapi wamepona kwa jina lake!

Ila angalia vizuri. Kinga hizo ni kati ya mke na mume. Mama mdogo hakuwa anapambana na mumewe, alikuwa anapambana na jina la shemeji. Ndiyo maana moyo ulinienda mbio karatasi ya upekuzi ilipotoka: hakuna rehani, hakuna zuio, mmiliki ni baba mkubwa.

Tukaenda Nzega kumwona. Mzee ana miaka zaidi ya 80, siku nyingine ananikumbuka, siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Tulimkuta siku nzuri. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Mdogo wangu hajambo?" Mama mdogo akainama. Halafu mzee akajikumbuka mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema mbele ya watoto wake wote, na yule kijana wa futikamba akiwemo: "Kile kiwanja ni cha mdogo wangu. Mimi nilisimama dirishani tu."

Wiki ile ile tulimpeleka kwa wakili akaapa na kutia dole gumba. Mirathi ya baba mdogo ikafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, mama mdogo akateuliwa msimamizi, kisha ndipo fomu za uhamisho wa milki zikaanza kutembea, pamoja na uthamini, ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji. Malimbikizo ya pango yalitangulia kulipwa, kwa awamu, asali ikiuzwa ndoo kwa ndoo. Ilichukua mwaka na miezi.

Mzee amefariki. Hati mpya ilikuwa imetoka wiki tatu kabla.

Kopo la biskuti bado lipo chini ya kitanda. Safari hii nilipokwenda nilimkuta mama mdogo amevaa miwani, amekaa kibarazani na simu, anasoma ujumbe wa tokeni ya LUKU mpaka mstari wa mwisho. Mpangaji wa chumba cha uani akapita, akamwambia, "Mama, hela ya kodi ya mwezi huu nimekulipia mimi kwenye umeme."

"Najua," akamjibu, "nimeshaipunguza kwenye pango lako. Njoo uone hapa, na jina ulisome."