Mpira Mrefu Ukipotea, Alaumiwe Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi msimu unavyobadilisha kandanda huku West Nile, Uganda: pasi ambayo mwezi Agosti inakwama kwenye majani yaliyolowa, mwezi Januari inadunda juu ya ardhi kavu, inampita mshambuliaji na kuishia mikononi mwa kipa. Tangu makala ile itoke, swali ninaloulizwa zaidi, Arua na Koboko, ni hili: mpira mrefu ukipigwa kwenda mbele na mwenzake asiupate, kosa ni la aliyeupiga au la aliyeukimbilia?

Jibu langu ni kwamba tunamlaumu mkimbiaji kupita kiasi. Tunafanya hivyo kwa sababu ya namna tunavyotazama. Mpira ukiwa hewani, uwanja mzima unaufuata kwa macho. Unapotua, anayeonekana pale ni mshambuliaji aliyenyoosha mguu akaukosa, au aliyesimama ameshika kiuno huku beki akiondoka nao. Aliyeupiga yuko mita 40 nyuma na hakuna anayemtazama tena. Hivyo hukumu inatolewa mahali ambapo mambo yameishia, ilhali sehemu kubwa ya kosa, kama lipo, ilikwisha kufanyika kabla mpira haujaondoka mguuni.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Kiungo anainua pasi ya mita 40 kutoka karibu na mstari wa kati kwenda nyuma ya mabeki. Mpira wa namna hiyo hukaa hewani kiasi cha sekunde mbili hadi mbili na nusu. Kijana mwenye mbio, anayekwenda mita nane kwa sekunde, katika muda huo anakata mita 16 hadi 20. Kwa hiyo mpigaji halengi mtu. Analenga kipande cha ardhi ambacho wakati anapiga hakina mtu, akiamini kwamba mwenzake atakuwa amefika.

Sasa tazama makosa yake yanavyopishana uzito. Akikosea mwelekeo kwa nyuzi tano, mpira unatua mita tatu na nusu pembeni. Hilo si dogo, lakini mkimbiaji aliyeuona mapema anaweza kujipinda akaufuata. Akizidisha kasi ya mpira kwa sehemu moja ya kumi tu, mambo ni mengine kabisa, kwa sababu umbali hufuata mraba wa kasi: nyongeza ya sehemu moja ya kumi kwenye kasi huzaa karibu sehemu mbili za kumi kwenye umbali. Hata ukipunguza kwa ajili ya hewa inayoukaba mpira, bado umepitiliza mita sita hadi nane. Hakuna mshambuliaji wa Arua wala wa Madrid anayefidia mita nane ndani ya sekunde mbili. Ndiyo maana nasema kupima umbali ni kazi ngumu kuliko kupima mwelekeo, na mpira uliopitiliza mbali ni wa mpigaji hata kama mkimbiaji ndiye anayezomewa.

Mkimbiaji naye ana hesabu yake. Akichelewa kuanza kwa nusu sekunde, amepoteza mita nne. Pasi ikitua mahali ambapo angekuwa lau angeanza kwa wakati, na yeye akafika nyuma yake kwa hatua mbili tatu, hapo namlaumu bila kusita. Vivyo hivyo akikimbia huku amewapa mabeki mgongo wote, asigeuze shingo hata mara moja kuutafuta mpira. Nimewaona vijana wengi wenye mbio kali wakikimbia hivyo, na mpira unawaangukia kisigino.

Kuna vifaa pia, ambavyo watu hawapendi kuvitaja kwa kuwa vinaonekana kama visingizio. Sheria inataka mpira wa wakubwa uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na mwanzoni mwa mchezo uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mpira wa mazoezi katika timu nyingi za mtaani umechubuka ngozi, umepoteza upepo, na mvua ikinyesha unakunywa maji. Kijana aliyezoea kuupiga huo Jumanne na Alhamisi, siku ya mechi anapewa mpira mpya mgumu. Mguu unarudia nguvu ile ile, na mpira unakwenda kulala nje ya uwanja. Anazomewa, na hakuna anayeuliza alifundishwa kwa mpira gani.

Sasa tuje kwenye kuotea, kwa sababu pasi ndefu nyingi huku kwetu huishia kwenye kibendera. Sheria humpima mshambuliaji wakati ule ule mwenzake anapougusa au kuupiga mpira, hata kama anaupokea sekunde mbili baadaye. Tangu 1925 inatosha wapinzani wawili wawe kati yake na mstari wa goli, ambapo zamani walitakiwa watatu. Tangu 1990 akiwa sambamba na wa pili kutoka mwisho hajaotea. Akiwa ndani ya nusu yake ya uwanja hajaotea kabisa.

Soma tena sentensi ile kuhusu wakati. Anayeamua wakati huo ni mpigaji. Mkimbiaji anaondoka akitarajia pasi itolewe sasa. Mwenzake akiongeza mguso mmoja, yule aliyekuwa sahihi anageuka kuwa ameotea bila yeye kubadili chochote.

Niliona jambo hili kwa karibu Koboko, kwenye mechi ya vijana katika uwanja wa shule. Winga wa kushoto alinyoosha mkono akaonyesha chini, nyuma ya beki wa kulia, akaondoka. Kiungo wake alikuwa ameupokea mpira kwa mguu wa kulia na kichwa kimeinuka, yaani alimwona. Mpira ukagonga kichuguu kidogo cha udongo mgumu, ukaruka hadi gotini. Akalazimika kuutuliza tena. Alipoupiga, winga alikuwa hatua mbili mbele ya beki wa mwisho. Kibendera juu. Kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Huyu kila siku kuotea tu, mtoeni!" Mzee aliyeketi kwenye benchi la mbele akamgeukia: "Mwanangu, wewe ulikuwa unamtazama nani mpira ulipopigwa?" Kijana alinyamaza. Mzee yule ndiye aliyekuwa ameona mchezo. Winga hakukosa, kiungo hakukosa kwa maana ya kulaumiwa, na mshika kibendera alikuwa sahihi.

Arua ina sababu ya kulijali suala hili kuliko miji mingine. Onduparaka FC, iliyoanzishwa 2011 na kupanda Ligi Kuu ya Uganda 2016, iliufanya uwanja wa Green Light uwe mahali ambapo timu za Kampala zilikuja kwa tahadhari. Kutoka pale alitokea Muhammad Shaban, aliyekwenda klabu ya KCCA 2017 na mwaka uliofuata akajiunga na Raja Casablanca ya Morocco. Mshambuliaji wa aina hiyo akipita mahali, kila kijana anayevaa jezi ya mbele baada yake hupimwa kwake, na kila mpira anaoukosa huhesabiwa kuwa ni upungufu wake. Nadhani tunawaonea. Mshambuliaji mkubwa huziokoa pasi mbaya na kuzifanya zionekane nzuri, kisha tunasahau kwamba zilikuwa mbaya.

Mabishano haya yamekomaa zaidi katika mchezo mwingine ambao huku hauchezwi, futiboli ya Kimarekani. Kule pasi ndefu hurushwa kwa mkono na mchezaji anayeitwa kotabeki, na mpokeaji huikimbilia akaidaka. Pasi isiyodakwa huandikwa kwa jina la mrushaji katika takwimu rasmi, hata kama mpokeaji aliiangusha mwenyewe. Ni kinyume cha tabia yetu: karatasi yao humlaumu mrushaji, jukwaa letu humlaumu mpokeaji.

Tarehe 5 Februari 2012, mjini Indianapolis, New England Patriots walikuwa wakiongoza New York Giants 17 kwa 15 katika fainali ya Super Bowl, zikiwa zimebaki dakika nne hivi. Kotabeki Tom Brady alimwona Wes Welker akiwa peke yake upande wa kushoto, karibu yadi 20 mbele. Akarusha. Mpira ulikwenda juu, nyuma ya bega la Welker, naye akalazimika kujigeuza akiwa hewani. Uligusa mikono yake miwili, ukaanguka. Welker huyo alikuwa amedaka pasi 122 katika msimu ule, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi. Baada ya mchezo alijitwika lawama yote. Muda mfupi baadaye Eli Manning wa Giants alirusha pasi ya yadi 38 pembezoni kabisa mwa uwanja. Mario Manningham akaidaka katikati ya walinzi wawili na miguu yote miwili ikagusa ndani ya mstari. Giants walishinda 21 kwa 17.

Wamarekani wamebishana juu ya pasi ile ya Brady kwa miaka. Mimi huipima hivi. Mpokeaji alikuwa peke yake. Mbele yake palikuwa na nafasi. Pasi ya kumtangulizia ingemkuta akikimbia na uso wake mbele. Mrushaji alichagua kuupeleka mpira upande wa nje ili mlinzi wa kati asiufikie, na uamuzi huo uliifanya kazi ya mpokeaji kuwa ngumu maradufu. Hata hivyo mpira ulifika mikononi. Sehemu kubwa ya kosa, kwangu, ilikuwa ya Brady, na sehemu iliyobaki ya Welker. Naheshimu kwamba Welker hakuigawa.

Msomaji wa Uganda ana jambo lake katika fainali ile. Miongoni mwa walinzi wa Giants alikuwamo Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa hapo hapo Indianapolis, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu. Kazi yake ilihusu moja kwa moja tunachokijadili: wachezaji wa nafasi yake humkimbilia kotabeki ili asipate muda wa kutazama mbali. Si lazima wamwangushe. Wakimfanya aharakishe kwa nusu sekunde, pasi inatoka kabla mpokeaji hajafika anapotakiwa kuwa, na watazamaji wanasema mpokeaji amezubaa. Kandanda letu lina watu wa kazi hiyo hiyo, mshambuliaji wa kwanza anayembana beki mwenye mpira, lakini sifa zake hazisemwi mpira mrefu unapopotea. Ukiangalia vizuri, mara nyingine anayestahili kupewa sifa ya mpira uliopotea ni mpinzani.

Na pasi ndefu ikifika? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kombe la Dunia 1998, mjini Marseille, tarehe 4 Julai, robo fainali ya Uholanzi na Argentina. Mabao yalikuwa 1 kwa 1, dakika ya 90 inakaribia. Frank de Boer, beki, alikuwa na mpira ndani ya nusu yake. Dennis Bergkamp alimtazama, akaondoka. De Boer akapiga kwa mguu wa kushoto mpira wa zaidi ya mita 50. Bergkamp akautuliza kwa mguu wa kulia ukiwa bado hewani, akamkwepa Roberto Ayala kwa mguso wa pili, akafunga kwa wa tatu. Watu hukumbuka miguso mitatu. Mimi nawaomba vijana waangalie kilichotangulia: macho ya watu wawili yaliyokutana, na mpigaji ambaye hakuwa na mtu wa kumbana. Vitu hivyo viwili vilipatikana, ndipo ufundi ukaweza kuonekana.

Macho kukutana hakutokei siku ya mechi kama hakukufanyiwa mazoezi. Mazoezi ya mipira mirefu ambayo nimeyaona mara nyingi, Arua na Koboko, ni ya kijana mmoja kusimama huku na mwenzake kusimama kule, wakipigiana. Hayo hufundisha mguu kumpata mtu aliyesimama. Siku ya mechi hakuna anayesimama, na mpigaji aliyezoea kulenga kifua cha mwenzake anautua mpira mahali mwenzake alipokuwa sekunde mbili zilizopita. Kosa hilo naliweka kwa kocha kabla ya kuliweka kwa kijana. Kurekebisha hakuhitaji pesa: mkimbiaji aanze kutoka pembeni, beki awekwe wa kumkimbiza, mpigaji awekewe mtu wa kumbana kutoka mbele, na wawili wale wale warudiane kwa majuma kadhaa hadi kila mmoja aijue mbio ya mwenziwe. Mpira utiwe upepo kama wa siku ya mechi. Kama kuna mpira mmoja tu mzuri, utumike kwa zoezi hili, na ule uliochoka ubaki kwa pasi fupi.

Na kwa anayeketi jukwaani, namwomba jambo moja Jumamosi hii. Kiungo anapoinua kichwa kutaka kupiga mbali, acha mpira, mtazame mshambuliaji: ameshaanza kukimbia au bado, anaelekea wapi, yuko sambamba na beki yupi. Mpira utaukuta utakapotua.

Juma lijalo nitaanza na kipa. Mshambuliaji anayeupokea mpira moja kwa moja kutoka goli kiki hahesabiwi kuotea, popote aliposimama, na timu chache sana za hapa zinaitumia ruhusa hiyo.