Kichwa Chini, Miguu Juu: Si kwa Kila Shingo

Katika lugha yetu, mambo yakiharibika husemwa kwamba yamekwenda kichwa chini, miguu juu. Si ajabu basi kwamba majirani zangu mjini Kitale, walipogundua kuwa mhadhiri mzima husimama kwa kichwa kila alfajiri, walianza kuzitilia shaka akili zangu. Naam, nilianza yoga nilipotimiza miaka arobaini, miguu ikinivimba kwa kufundisha nikiwa wima na kwa safari za matatu hadi Bungoma kupitia Webuye.

Mkao huo huitwa shirshasana: katika Kisanskriti, shirsha ni kichwa na asana ni mkao. B.K.S. Iyengar, katika kitabu chake cha mwaka 1966, aliutukuza kuwa mfalme wa mikao yote. Hapa kwetu, shirika la Africa Yoga Project lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007 lina asili ya kupendeza: mwasisi wake, Mmarekani Paige Elenson, akiwa matembezini humu nchini, aliwaona vijana wetu wa sarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao.

Faida zipo. Damu iliyotuama miguuni hurejea moyoni kwa wepesi. Vihisi vya shinikizo vilivyo shingoni huuarifu ubongo, na moyo ukapunguza mwendo. Aidha, mabega na misuli ya tumbo huimarika. Lakini tusidanganyane kwamba kichwa kikijaa damu akili huongezeka. Ubongo hujidhibitia wenyewe kiasi cha damu unachokihitaji.

Mimi nilijidanganya. Likizo moja nilimshawishi kaka yangu mkubwa, aishiye Bungoma, ajaribu. Alikuwa amekwisha kuweka kichwa juu ya mto, nami nimemshika vifundo vya miguu, muuguzi jirani yake alipobisha hodi.

"Mwalimu, mzee huyu ana presha. Na macho yake, yamepimwa?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma kwamba mkao huu huongeza shinikizo ndani ya jicho takribani mara mbili, jambo la hatari kwa mwenye glakoma. Mwenye presha ya juu au maradhi ya shingo naye ajiepushe nao. Nilitahayari: nilichokiona dawa kwangu nilitaka kukifanya dawa ya kila mtu, bila hata kumuuliza ndugu yangu hali yake.

Siku hizi kaka, kwa idhini ya daktari wake, hulala chali mkekani na kuegemeza miguu ukutani kwa dakika chache. Kichwa chake kimetulia sakafuni, na uvimbe wa miguu umepungua.

Mpenzi msomaji, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Pima presha na macho kwanza, kisha tafuta mwalimu, na uanzie ukutani. Au, kama anichekavyo kaka, "Mdogo wangu, kabla ya kupindua mwili wa mwenzio, uliza."