Daktari wa vipepeo na sindano ya wiki ya 28

Mimba ya mtoto wetu wa pili ilipofika wiki ya 28, mkunga wa hapa Uingereza alimchoma mke wangu sindano ya anti-D, akabandika kipande cha pamba, akatuambia tuonane kliniki ijayo. Sindano ilitoka wapi, hatukuuliza. Baadaye nilipoitafutia asili yake nilimkuta mzee mmoja wa Liverpool aliyekuwa akifuga vipepeo, tena vipepeo wengine wa kwetu Afrika Mashariki.

Cyril Clarke alizaliwa Leicester mwaka 1907. Alianza kukusanya vipepeo utotoni, lakini vipepeo hawalipi kodi ya nyumba, akasomea udaktari. Vita Kuu ya Pili alihudumu kama daktari katika jeshi la majini, na mwaka 1946 akawa daktari bingwa Liverpool. Mchana wagonjwa, mwisho wa wiki viwavi. Mshahara wake ulitokana na utabibu. Wadudu walibaki kuwa mahaba yake.

Anayefuga vipepeo hukwama mahali pamoja: ndani ya kizimba wengi hugoma kupandana. Clarke akawa anawapandisha kwa mkono. Humshika jike kwa vidole vya mkono mmoja na dume kwa mwingine, humbana dume tumbo kidogo mpaka vibanio vyake vya nyuma vifunguke, kisha huwagusisha. Wakishashikana, huwaachia taratibu wakaning'inia. Kwa njia hiyo unaamua mwenyewe nani azae na nani, na hapo ndipo mchezo unapogeuka sayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitoa tangazo akitafuta vipepeo wa kufuga. Aliyejibu ni Philip Sheppard, mwanajenetiki aliyewahi kuwa mateka wa vita Ujerumani. Wakashirikiana mpaka Sheppard alipofariki mwaka 1976.

Kipepeo aliyewavutia hasa anaitwa Papilio dardanus. Ukiwa Kakamega, Usambara au pwani yetu huenda umeshamwona bila kujua, maana dume na jike hawafanani hata kidogo. Dume ni wa manjano hafifu, na mabawa yake ya nyuma yana mikia. Jike wa huko kwa kawaida hana mikia, naye huvaa nguo za watu: kuna anayevaa rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi na nyeupe, kuna anayevaa nyeusi na nyeupe tupu, na wengine kadhaa. Mengi ya mavazi hayo yameigwa kwa vipepeo wenye sumu ambao ndege wameshajifunza kuwakwepa. Madagaska, jike amebaki na sura ileile ya dume. Mwaka 1960 Clarke na Sheppard walichapisha matokeo ya kuwazalisha dardanus wa Afrika Mashariki, pamoja na wale wa Ethiopia na Madagaska.

Swali lilikuwa hili: mbona binti hapati nusu ya vazi hili na nusu ya lile? Jibu la wakati huo lilikuwa kwamba jeni kadhaa zimekaa karibu sana, zikirithiwa kama furushi moja. Clarke alijua mahali pengine palipoelezwa vivyo hivyo, nako ni kwenye damu ya binadamu, kundi la Rhesus. Akahamishia macho huko.

Mama mwenye damu ya Rhesus hasi akibeba mtoto mwenye damu chanya, wakati wa kujifungua damu kidogo ya mtoto huweza kumwingia. Mwili wake huiona ngeni, ukatengeneza kingamwili. Mtoto huyo kwa kawaida husalimika. Anayefuata, kama naye ni chanya, hukuta askari wameshajipanga: chembe zake nyekundu huvunjwa angali tumboni, akazaliwa na manjano na upungufu wa damu, au akafa kabla. (Nyumbani tungeanza kumtafuta mchawi.)

Ilishajulikana kwamba mama wa kundi O mwenye mtoto wa kundi A hupatwa na balaa hili mara chache. Kingamwili alizo nazo tayari dhidi ya A huziteketeza chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazikariri. Mwaka 1960 Ronald Finn, daktari kijana aliyefanya kazi na Clarke, akapendekeza waige jambo hilo: mama achomwe kingamwili ya Rhesus iliyotoka kwa watu wengine, isafishe damu ya mtoto mapema. Hiyo ndiyo anti-D. Inasimuliwa pia kwamba mke wa Clarke, Féo, alimwamsha usiku na wazo hilohilo. Jaribio la kwanza lilifeli kwa sababu walitumia aina isiyofaa ya kingamwili. La pili likafaulu. New York nako Freda, Gorman na Pollack walifika palepale kwa njia yao, na mwaka 1980 wote watano walipewa tuzo ya Lasker. Kabla ya 1969, Uingereza na Wales ugonjwa huu uliua watoto 46 katika kila vizazi 100,000. Mwaka 1990 ilikuwa 1.6.

Linalonichekesha ni kwamba ule mfanano uliomvuta Clarke haukuwa sahihi sana. Jeni za Rhesus zimeonekana ni mbili, wakati nadharia ya siku zile ilisema tatu, na mavazi ya dardanus nayo yamefuatiliwa hadi eneo dogo moja la kromosomu. Alipotea njia akafika.

Uzeeni hakupumzika. Nyumbani kwake Caldy, kuanzia 1959, alitega taa usiku na kuhesabu nondo (wadudu, si za zege). Mwaka ule zaidi ya 90 kati ya 100 wa aina moja walikuwa weusi, rangi iliyowaficha kwenye miti yenye masizi ya viwanda. Sheria ya hewa safi ikafanya kazi yake, na kufikia 1989 weusi walikuwa kama 30 tu. Clarke alifariki mwaka 2000.

Sasa neno kwa dada zangu mlioko huku. Kama damu yako ni hasi na unapanga kwenda kujifungulia nyumbani, ulizia anti-D kabla ya kukata tiketi: hospitali ipi inayo, na ni shilingi ngapi. Mtoto akizaliwa na damu chanya, inatakiwa uchomwe ndani ya saa 72.