Kumuua Steringi Hakusaidii

Mwezi huu nimeulizwa mara nne, ya mwisho nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Kanyenye, Tabora, ndoo ya mahindi miguuni: “Mwalimu, hawa vijana mbona wanampenda jambazi wa kwenye tamthilia? Si wangemuua tu mwishoni, watoto wakaona mwisho wa ubaya?”

Nafundisha maigizo na miswada naandika mwenyewe, kwa hiyo nijibu mara moja, nisisimamishwe tena njiani. Hapana. Suruali inakubana mapajani, wewe unamwambia fundi abadilishe kifungo.

Waliokulia kwenye vibanda umiza jibu wanalo. Pale kwenye benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, sauti ya mtafsiri ikimfunika mwigizaji, watu walikuwa wa aina mbili tu: steringi na adui. Siku moja inaonyeshwa Prison Break, mtoto nyuma yangu akamuuliza kaka yake wale askari magereza ni akina nani. Kaka hakugeuza hata shingo: “Maadui.” Sasa tazama. Michael Scofield kavamia benki na bastola makusudi afungwe, apate kumtorosha kaka yake aliyehukumiwa kifo. Askari wako kazini. Lakini kwenye benchi lile adui hakuwa mvunja sheria. Adui ni yeyote anayemzibia njia mtu tuliyekuja naye.

Murray Smith, mwanazuoni wa filamu wa Uingereza, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1995. Alitenganisha vitu viwili ambavyo wazazi mnavichanganya kila siku: kufuatana na mhusika, yaani kuona anachokiona na kuijua siri yake kabla ya mkewe, na kumuunga mkono. Cha kwanza huweza kukusogeza kwenye cha pili taratibu, bila kukuomba ruhusa. Yule kijana wa kwenye benchi alilisema kwa neno moja.

Turudi kwenye dawa yenu ya kumuua, maana imeshajaribiwa, tena na wenye fedha. Hollywood ilijiwekea kanuni mwaka 1930, ikaanza kuzisimamia kwa ukali 1934, na zikadumu hadi 1968: mtazamaji asivutwe upande wa mhalifu, na uhalifu usilipe. Watengenezaji wakatii. Jambazi akawa anakufa dakika za mwisho, filamu baada ya filamu, na watu wakaendelea kujaa ukumbini kumtazama James Cagney akiwa jambazi. Mwaka 1938 ikatoka Angels with Dirty Faces. Cagney ni Rocky Sullivan, jambazi anayehusudiwa na watoto wa mtaani kwake, na sasa anangoja kiti cha umeme. Rafiki yake wa utotoni, aliyeishia kuwa padri, anamletea ombi la ajabu: afe akilia kama mwoga, ili wale watoto wamdharau. Yaani waandishi wenyewe walikwisha kujua kwamba kifo hakitoshi, kwamba jambazi akifa kidume ndipo anapokuwa shujaa kamili. Rocky anakataa. Halafu, hatua chache kabla ya kiti, anaanza kupiga mayowe. Watoto wa kwenye hadithi wanavunjika moyo. Na sisi tunaotazama? Tunampenda zaidi, kwa sababu tunahisi amewaachia wale watoto kitu cha mwisho alichokuwa nacho, jina lake. Dawa imeongeza ugonjwa.

Ama tamthilia ya Breaking Bad, iliyoonyeshwa 2008 hadi 2013. Ina vipindi 62, na steringi wake, Walter White, anakufa kwenye cha mwisho. Vipindi 61 umekaa naye jikoni, garini, hospitalini, halafu unategemea dakika chache za maiti zifute yote hayo? Wakati bado yu hai, watazamaji wengi walimchukia nani? Skyler, mkewe, aliyekuwa akimbana aseme ukweli. Anna Gunn, aliyeigiza nafasi hiyo, aliandika katika New York Times Agosti 2013 jinsi chuki hiyo ilivyovuka tamthilia ikamfuata yeye mwenyewe. Mama wa watu kosa lake ni kumzibia njia steringi.

Kazi ya kutuvuta kwa Walter ilishafanyika kipindi cha kwanza. Mwalimu wa kemia, mshahara hautoshi, baada ya kufundisha anaosha magari. Kachuchumaa anasugua tairi. Mwenye gari ni mwanafunzi wake, kaja na mpenzi wake, na wanamcheka. Mara anaanguka, na hospitalini anaambiwa ana saratani ya mapafu. Hajapika hata gramu ya dawa za kulevya, na wewe umeshakuwa wakili wake. Kwa walimu wenzangu wa Tabora, hapo sina la kufafanua.

Na msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa jirani, Ituru, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Kuna mahali anaingia nchi ya Utetera akiwa ameshasikia habari za dada wa mtawala aliyetekwa zamani. Anajitangaza kuwa mjukuu wa mwanamke huyo, na mzee anampokea na kumkabidhi nchi. Kila nikiwasomea wanafunzi, wanacheka. Huwa ni baadaye sana, wengine wameshafunga madaftari, ndipo mmoja anauliza zile pembe zilibebwa na nani, na kama walirudi kwao. Mtemi Mirambo naye kwa wafanyabiashara aliowafungia njia ya Ujiji mwaka 1871 alikuwa mnyang'anyi. Leo tuna wilaya ya Urambo na shule ya Milambo. Inategemea ulikuwa kwenye msafara wa nani.

Tena nyinyi wazee mnaonisimamisha, Willy Gamba wa Elvis Musiba mlimsoma chini ya dawati: pombe, wanawake, maiti. Hamkuulizwa kama mtakuwa wauaji, kwa kuwa yeye aliua kwa niaba ya serikali. Wengi wenu mmestaafia reli.

La kufanya, haraka, nafasi yangu inakwisha. Aliye chini ya miaka kumi akalale. Mkubwa, tazama naye na usimhubirie. Muulize adui wa leo ni nani, na nani kamfanya adui. Mwambie akusimulie kipindi hichohicho kwa upande wa askari, au wa mjane wa askari. Dakika tano zinatosha. Akianza kurudi na pesa asizoweza kuzieleza, hapo tamthilia haihusiki, na mimi msinifuate. Na yule baba aliyechomoa kadi ya king'amuzi akaifukia kwenye debe la mchele: irudishe, kifurushi kinaisha Jumapili, na binti yako anamalizia kwenye simu ya rafiki yake.