Je, Wajua? Kompyuta Ndogo ya Gemu: Ununue Tayari au Uunde Mwenyewe

Je, wajua kwamba wapenzi wa kompyuta ndogo za gemu hupima udogo kwa lita? Chukua urefu, upana na kimo cha kasha kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Kasha likizidi lita 20, ujazo wa dumu la maji tunalolijua sote, wengi wao hawalihesabu tena kuwa dogo. Wakali wao wanataka lita 10 kushuka chini. Xbox Series X iliyotoka Novemba 2020 ina karibu lita 7.

Je, wajua kwamba kipimo cha ubao mama unaotumika zaidi ndani ya makasha haya kilitoka Taiwan? Kampuni ya VIA ilikitangaza mwaka 2001 kwa jina la Mini-ITX: milimita 170 kwa 170. Ubao wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. Eneo limepungua hadi chini ya nusu, lakini matundu ya skrubu yanaoana, kwa hiyo ubao mdogo unafungika hata kwenye kasha kubwa.

Hapo ndipo swali la kununua au kuunda linapoanzia. Anayeunda mwenyewe ananunua vipimo ambavyo viwanda vingi vinavifuata kwa zaidi ya miaka 20. Anayenunua iliyoundwa tayari anaweza kupata vipimo hivyohivyo, au akapewa ubao uliokatwa kwa ajili ya kasha hilo moja tu. Kwa maoni yangu, swali la kwanza dukani lisiwe bei wala taa za rangi. Liwe hili: ubao huu au pawa saplai hii ikifa, nyingine nitaipata wapi?

Je, wajua kwamba hata Intel iliwahi kuwaacha wateja njiani? Ilianza na kompyuta zake ndogo za NUC mwaka 2012. Mwaka 2020 ikatoa NUC 9 Extreme, kasha la lita 5 hivi, lenye prosesa iliyokaa juu ya kadi unayoweza kuichomoa. Mvuto wake ulikuwa huo: badilisha kadi, kasha libaki. Julai 2023 Intel ikatangaza kwamba inajitoa kwenye biashara ya NUC, na ASUS ikachukua leseni. Aliyenunua akitegemea kubadilisha kadi hiyo miaka nenda rudi alijikuta na kifaa ambacho mwenye kipimo chake ameshaondoka sokoni.

Je, wajua kwamba kampuni inayosifika kwa vifaa vinavyotengenezeka kirahisi ilitoa kompyuta ambayo ramu yake haibadiliki? Framework ilitangaza Desktop yake Februari 2025, lita 4.5, ikitumia prosesa ya AMD ya Ryzen AI Max. Ubao wake ni Mini-ITX halisi na unahamishika hadi kwenye kasha lolote la kipimo hicho. Ramu, hata hivyo, imechomelewa. Sehemu ya michoro ya prosesa hiyo inategemea ramu yenye kasi kubwa kupitia njia ya biti 256, na vipande vya kuchomeka havikuweza kuhimili kasi hiyo. Kwa kifaa cha namna hii, ukubwa wa ramu unauamua siku ya kununua, basi.

Je, wajua kwamba kuna ufundi ambao mtu wa nyumbani hawezi kuufikia? MSI Trident 3 ilibana kadi ya michoro ya mezani ndani ya lita 4.72 kwa kuutoa umeme nje, kwenye adapta kama ya laptopu, na kwa kutumia kasha na ubao vilivyochorwa pamoja. Hili tuliseme kwa haki. Kiwanda kinaweza kuchonga bomba la hewa lipite pale kinapotaka, wewe unachagua kati ya vilivyopo dukani. Anayetaka kompyuta ya kusafiri nayo kwenye begi, na asiyepanga kuifungua kamwe, ana sababu nzuri ya kununua.

Je, wajua kwamba kadi ya michoro ya RTX 4070 moja si sawa na RTX 4070 nyingine? Ya mezani ina gigabaiti 12 za kumbukumbu na viini 5,888 vya CUDA. Ya laptopu ina gigabaiti 8 na viini 4,608. Kompyuta nyingi ndogo zilizoundwa tayari hubeba hiyo ya laptopu, na kwenye tangazo jina husomeka karibu sawasawa. Tafuta neno “Laptop” kwenye karatasi ya sifa. Lisipoonekana, uliza ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, kwani hapo muuzaji hana pa kukwepea. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Je, wajua kwamba tangu Juni 2024 NVIDIA ina mwongozo wa kadi zinazofaa makasha madogo? Kadi isizidi milimita 304 kwa urefu, 151 kwa kimo pamoja na nafasi ya kukunja kebo, na 50 kwa unene. Namba ya kimo ndiyo inayowaumiza waundaji. Wengi hupima urefu wa kadi tu, kisha kebo ya umeme inakataa kukunjika na mfuniko haufungi.

Je, wajua kwamba makasha mengi madogo yanaiweka kadi ya michoro nyuma ya ubao mama? Mpangilio huo ulipata umaarufu kupitia DAN A4-SFX, kasha la lita 7.2 lililobuniwa Ujerumani. Kadi na ubao hupeana migongo, na utepe wa kebo unaviunganisha. Utepe huo ni sehemu nyeti. Ukiwa wa kizazi cha tatu cha PCIe, njia ya data kati ya kadi na ubao, na kadi ni ya kizazi cha nne, skrini inaweza kubaki nyeusi kabisa. Dawa ni kuingia kwenye BIOS ukitumia kadi nyingine, au sehemu ya michoro ya prosesa yenyewe, na kuamuru kizazi cha tatu (Gen 3). Mwaka 2021 kampuni ya NZXT ililazimika kutoa wito rasmi (recall) kuhusu makasha yake ya H1 kwa sababu skrubu mbili zilizoushika utepe huo zingeweza kuugusa mkondo wa volti 12 na kuanzisha moto. Kasha hilo liliuzwa likiwa na pawa saplai, kipoza maji na utepe vimeshafungwa, nusu ya kazi ikiwa imefanywa kiwandani. Kwa hiyo kufungiwa na kiwanda peke yake si kinga.

Je, wajua kwamba mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama kuunda kutakuwa raha au mateso? Kwenye kasha kubwa unaweza kukosea ukarudi nyuma. Kwenye la lita 10, kebo ya umeme wa prosesa, ile ya pini nane, inatakiwa kuchomekwa kabla ya kipoza, kwa sababu baadaye kidole hakitafika pale kwenye kona. Mbao nyingi za Mini-ITX zina nafasi moja ya SSD upande wa chini. Ifunge ubao ukiwa bado mezani, la sivyo utabomoa kila kitu kwa ajili ya skrubu moja ndogo kuliko punje ya mchele. Kipoza nacho kina kikomo: Noctua NH-L9 ina kimo cha milimita 37 na inaingia karibu kila mahali, ila usiipe prosesa ya wati 150 ukategemea salama. Prosesa za AMD za AM5 zina Eco Mode inayozishusha hadi kiwango cha wati 65, na kwenye gemu nyingi tofauti ya kasi ni ndogo. Kwa kasha dogo ningeiwasha siku hiyohiyo ya kwanza.

Je, wajua kwamba vipimo vya joto unavyovisoma kwenye majaribio ya wataalamu huchukuliwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25? Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja kwenye kifaa. Mchezaji wa Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32 na feni ya dari tu, aongeze nyuzi 10 kwenye kila jedwali analolisoma. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zimeundwa kuvumilia hadi nyuzi 95, kwa hiyo hazitaungua, zitapunguza mwendo. Kwa watu wa pwani nasema wazi: ongeza lita. Kasha la lita 12 au 15 lenye nafasi ya feni mbili za ziada lina manufaa kuliko la lita 7 linalopiga mbinja usiku kucha. Chagua lenye vichujio vya vumbi unavyoweza kuvitoa kwa mkono na kuviosha.

Je, wajua kwamba kuunda mwenyewe si lazima kuwe rahisi kwa mfuko? Ubao wa Mini-ITX na pawa saplai ndogo ya SFX kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ndugu zao wakubwa wa uwezo uleule. Kiwanda hununua kwa maelfu. Wakati wa uhaba wa 2021, kadi zilipoadimika, watu kadhaa walinunua kompyuta nzima ili wapate kadi iliyo ndani. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya ramu: bei zilipaa kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya data vya akili unde, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Nyakati kama hizo mashine iliyokuja na ramu yake inaweza kuwa nafuu, mradi uhakikishe kuna vipande viwili badala ya kimoja. Kipande kimoja kinaikata njia ya ramu nusu, na gemu zinaligundua hilo mara moja.

Je, wajua kitufe chekundu nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani? Kina maandishi 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kufika Nairobi au Dar ikiwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu, mlio utakaousikia ni wa mwisho. Nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka, hata ndugu aliyekuletea akikuapia kwamba ilikuwa inafanya kazi.

Je, wajua kuna njia ya tatu, ambayo vijana wengi wa kwetu ndiyo wanayoipita? Ni kompyuta za ofisi za mtumba kutoka Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zile nyembamba za kulazwa. Prosesa ipo, ramu ipo, kasha lipo, kinachokosekana ni kadi ya michoro. Tundu la PCIe hutoa wati 75 zisizozidi, na pawa saplai ya humo mara nyingi haina kebo ya ziada, kwa hiyo kadi iwe ya kimo kifupi na iridhike na umeme wa tundu. GTX 1650 ya kimo kifupi inafaa. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, inakula wati 70 na ina nguvu zaidi. RX 6400 inakula 53 tu, lakini ina njia nne za PCIe, na kwenye mashine za kizazi cha tatu inapoteza kasi waziwazi. Fungua mfuniko dukani, tazama nafasi iliyopo kati ya tundu na pawa saplai, kisha ndipo uamue kama kadi ya unene wa nafasi mbili itaingia.

Mtego uko sehemu mbili. Kwanza, OptiPlex nyingi zina plagi za umeme za Dell yenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiunganishwi bila adapta, na ubao wake hauhamii kasha jingine. Pili, Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kupanda juu. Angalia namba kwenye kibandiko: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-6500 ni cha sita. Mwanafunzi mwenye bajeti finyu ningemwambia achukue ya kizazi cha nane, SSD na kadi ya wati 75, acheze, na kila shilingi inayobaki aiwekee ubao wenye kipimo cha dunia nzima.

Je, wajua kwamba Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, inajaribu tena kuuza kompyuta ndogo iliyoundwa tayari? Steam Machine za mwanzo, zilizotoka Novemba 2015, hazikushika soko. Novemba 2025 ikatangaza nyingine, mchemraba wa inchi 6 hivi, wenye prosesa ya AMD ya viini sita na kadi ya gigabaiti 8. Ramu na SSD hubadilishika, prosesa na kadi hapana. Inatumia SteamOS, ambayo ni Linux, na Fortnite na Valorant hazikubali kucheza humo kwa sababu ya programu zao za kuzuia udanganyifu. Gemu za kandanda za EA za miaka ya karibuni nazo zina kizuizi cha aina hiyo. Kama jioni zako ni za FC na marafiki, lijue hilo mapema.

Je, wajua kwamba ramu ya DDR5 uliyoilipia kwa kasi ya 6000 inaweza kuwa inatembea kwa 4800? Itabaki hapo mpaka uwashe EXPO au XMP, mipangilio ya kasi ya ramu kwenye BIOS. Baadhi ya kompyuta zilizoundwa tayari nazo huja mipangilio hiyo ikiwa haijawashwa.

Je, wajua kwamba wauzaji hujaza povu ndani ya kasha ili kadi nzito isivunje tundu njiani? Fungua ubavu ulitoe kabla ya kuwasha, maana feni zikianza kuzunguka ndani ya povu, joto halina pa kutokea. Kisha, iwe umenunua au umeunda, funga mfuniko, washa gemu nzito kuliko zote ulizonazo, na uiache nusu saa huku ukiandika nyuzi za prosesa na za kadi kwenye karatasi. Fanya hivyo wiki ileile, muda wa kurudisha ukiwa haujapita.