"Sarafina!" si filamu ya kupitishia wakati

Kuna desturi ambayo imeota mizizi katika shule zetu nyingi. Mitihani ya mwisho wa muhula ikishamalizika, na walimu wakiwa wamezama katika kusahihisha, wanafunzi hukusanywa bwaloni, televisheni ikawekwa juu ya meza, nao wakaambiwa watulie watazame "Sarafina!". Desturi hiyo ilianza enzi za kanda za video na haijakoma. Ndiyo maana hapa Sigor, na kwingineko katika iliyokuwa wilaya ya Kericho, utawapata watu wazima wenye watoto wao shuleni ambao bado wanaweza kuziimba nyimbo za filamu hiyo, hata za Kizulu wasichokijua.

Nimeitazama upya hivi majuzi, bila kelele za bwaloni, na maoni yangu ni kwamba tumeidhulumu kazi hii. Nyimbo tumezihifadhi, lakini tumesahau ni kwa nini ziliimbwa.

Asili yake ni mchezo wa jukwaani. Mbongeni Ngema aliutunga na kuuelekeza, ukaanza kuonyeshwa katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, kisha ukavuka bahari na kuchezwa Broadway, New York, kuanzia 1988 hadi 1990. Filamu ilitoka mwaka 1992, mwaka ule ule Bomet ilipomegwa kutoka Kericho ikawa wilaya. Mwelekezi wa filamu alikuwa Darrell James Roodt, kijana Mzungu wa Afrika Kusini, naye Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina wa jukwaani, akawa Sarafina wa sinema. Kisa chenyewe kinatokana na maasi ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, walipokataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu.

Basi tuuangalie muziki, maana hapo ndipo penye utajiri. Nyimbo ni za Ngema na Hugh Masekela. Muziki wa chinichini, ule unaosikika watu wanapotembea au kunyamaza, ni wa Mwingereza Stanley Myers. Nyimbo za filamu hii aghalabu hujengwa kwa sauti moja inayotangulia na umati unaoitikia. Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kufunzwa mtindo huo. Wasichana wa Kikipsigis walioimba "Chemirocha" mbele ya mitambo ya Hugh Tracey mwaka 1950, wimbo ambao umesikika hadi ng'ambo, waliimba kwa kanuni iyo hiyo. Katika "Sarafina!", hata hivyo, kanuni hiyo ina kazi ya ziada. Mwanafunzi mmoja akisema peke yake, anajulikana, anakamatwa. Mia wakiitikia kwa pamoja, askari atamshika nani? Wimbo unakuwa njia ya kusema neno ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba.

Roodt alilielewa hilo. Hakujenga Soweto ya kuigiza mbali na penyewe; alipiga picha Soweto kwenyewe, pamoja na vumbi lake na nyumba zake zinazofanana. Ngoma inapamba moto katika uwanja wa shule, na punde si punde magari ya kijeshi yanaingia. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba mateso na dansi havikai pamoja. Katika sehemu mbili tatu nakubaliana nao, maana miguu inakwenda sawasawa mno, kana kwamba watoto hawa walikuwa na mwaka mzima wa mazoezi. Lakini kwa jumla mshtuko huo ndio maana yenyewe ya filamu. Mtazamaji anayetaka kuburudika tu ananyimwa nafasi ya kustarehe.

Kisha yupo Mary Masombuka, mwalimu anayeigizwa na Whoopi Goldberg. Anafundisha historia ambayo serikali haikutaka ifundishwe, anakamatwa, na anafia kizuizini. Walimu wenzangu watamtambua upesi, kwani kila shule ina mmoja ambaye wanafunzi wake husahau kengele.

Na ipo sehemu ambayo bwaloni hushangiliwa, nami naona ni hapo mwalimu angesimamisha picha. Wanafunzi wanamvamia konstebo Sabela, mweusi mwenzao, anayeigizwa na Ngema mwenyewe, wanamchoma moto. Filamu haiwapigii makofi. Inamfuata Sarafina hadi kizuizini na katika mateso, kisha hadi kwa mama yake, mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, ambaye binti alikuwa amemdharau kwa unyenyekevu wake. Mama huyo ni Miriam Makeba, aliyeishi uhamishoni kwa miaka 30 hivi, na katika mazungumzo yao mafupi anaonyesha kuwa kustahimili nako kulikuwa na ushujaa wake. Katika nchi ambayo wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli mwaka 2001 kwa moto uliowashwa makusudi, na ambapo zaidi ya shule mia moja zilikumbwa na moto mwaka 2016, si sawa kumwacha mtoto ashangilie kiberiti halafu aende kulala.

Wala asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya Makaburu, ya zamani. Mnamo Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa Butere walifika kuigiza "Echoes of War" katika tamasha ya kitaifa ya drama, baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe. Polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana waliimba Wimbo wa Taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza.

Ngema aliaga dunia Desemba 2023 katika ajali ya barabarani. Makeba na Masekela walikuwa wamemtangulia. Filamu ipo, na hata shule yenye televisheni moja inaweza kuionyesha. Isiwekwe siku ya kufunga shule. Iingie katika somo la historia au la fasihi, muhula ukiwa katikati. Vipindi vitatu vya dakika 40 vinatosha kwa picha yenyewe, na cha nne kiachiwe wanafunzi wabishane kuhusu Sabela.